Kompresa

Kwanza zima kiyoyozi, Yaarubi.
Najua ni Julai. Najua Wadi Kabir imezingwa na majabali
yanayotema usiku joto lililomezwa mchana.
Zima.
Maikrofoni haina adabu za ugeni,
itaisikia feni kabla ya udi.
Na friji chomoa, kisha funguo za gari
zitie humo ndani, kando ya labani,
tusije tukaondoka tukaiacha imezimika.
Mimi nimewahi. Mara mbili.

Mbaruku kaja na nguo za kazi,
mgongoni jina la kampuni, magotini vumbi la mapaa.
Tangu alfajiri anafufua viyoyozi vya watu Ghala na Azaiba,
sasa kakaa chini ya kilichouawa kwa ajili yake,
anacheka, anakaza nyuzi.
"Kabla hujakizima nimekisikia," akasema.
"Beringi ya kulia imechoka."
Unaona? Huyo ana masikio.
Wewe umeniuliza maikrofoni bei gani.

Usiielekeze kwenye tundu la udi,
mle mna ngurumo tu, mtu anayesemea ndani ya pipa.
Isogeze shingo inapokutana na kifua,
shibiri mbili, halafu piga magoti, ziba sikio moja.
Bado.
Bado.
Hapo. Hapo nasikia mpaka mbao.
Nyuma yake tundika blanketi la Matrah, lile zito la simba wawili.
Trei za mayai rudisha jikoni;
hazizuii kitu ila mayai kuvunjika.

Na umwachie nafasi juu.
Ukimjaribu ataimba kama anayeogopa kuamsha mtoto;
ukimwambia tayari, atapaza.
Taa ikiwaka nyekundu umeshachelewa.

Tulirekodi mara nne, kila mara kwa kadiri ya joto.
Ya pili ina tone la jasho lililoangukia ubao wa udi,
limo, ukilitafuta utalipata.
Ya tatu ilikatwa na adhana. Tukanyamaza, tukangoja.
Kisha nikawatoa nyote nje
nikarekodi chumba kitupu dakika nzima,
ukanitazama kama niliyepatwa na jua.

Asubuhi nikakuta umekesha.
Pumzi zote za Mbaruku umezing'oa moja moja
kama mtu anayetoa miba ya samaki,
pamebaki mwimbaji asiye na mapafu.
Baina ya beti ukaacha shimo,
juu ya shimo ukamimina mwangwi,
halafu ukaibana sauti hadi mawimbi yake kwenye skrini
yakalala sawasawa kama barabara ya kwenda Sohar.

"Hiki kidude kinaitwaje?" Mbaruku akauliza.
"Kompresa."
Alicheka hata akatafuta kiti.
"Na mimi ninayo, mwanangu, kila paa.
Lakini gesi ikibanwa hupata moto.
Baridi haiji kwa kubana. Huja tunapoiachia."

Basi anza kwa kushusha.
Udi hausikiki? Usiupandishe,
uliza nani kaukalia.
Punguza besi ya sauti yake kidogo, kidogo tu, acha.
Rudisha pumzi. Zote, hata ile ya kikohozi.
Na kwenye yale mashimo weka chumba changu kitupu.
Sasa shusha spika mpaka zinong'one:
kinachopotea sasa kilikuwa hakijakaa mahali pake.

Twende garini, spika hizi zinatupenda mno.
Fungua friji. Funguo bado zina ubaridi.
Chomeka tena plagi.

Tulikaa watatu, vioo tumepandisha,
jua la saa nane limeegemea dirisha.
Kabla ya ubeti wa tatu, ndani ya ukimya,
kitu kikakwaruza bati, kikaguna.
"Njiwa," ukasema. "Nimfute?"
Mbaruku akafumba macho.
"Yuko juu ya boksi la nje. Huyo hatui
mpaka mashine iwe imezimwa."

Jasho lilinifika kwenye nyusi.
Nikanyoosha mkono kuwasha kiyoyozi cha gari,
ukanishika kiganja, Yaarubi,
hukusema neno,
hadi wimbo ukaisha.